Nilisoma kwenye matokeo ya mnada kwamba nimekufa

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya ubao wa matangazo, mkoba begani. Wengi mmeniandikia mkiuliza niliona nini pale. Haya, leo nitasema, ingawa mkono unasita.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, nitamweleza kwa ufupi. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tunatengeneza viti. Yeye alikuwa seremala, mimi nilikuwa nawamba kamba. Kifua kilimwondoa. Miezi minne baada ya kumzika, karakana yetu ikateketea, ikiwa na viti saba vya mwisho alivyochonga kwa mkono wake. Niliingia ndani kuviokoa. Nikatoka mikono mitupu, na wa kulia umeungua mpaka vidole viwili vikashikana.

Wifi yangu, dada wa marehemu, akanipa chumba nyuma ya saluni yake. Binti yangu wa pekee alikuwa mbali, kwanza masomoni, kisha kazini, kisha kwa mumewe. Mimi nikapata kibarua cha kushona viti vilivyochanika katika stoo ya ukumbi wa mnada, huko chini kusikofika jua. Watu wa pale walikuwa wananiita Mama Sindano, na mimi nikaitika.

Sasa tuendelee.

Mnada wa sanaa na samani za kisasa ulifanyika Jumamosi. Jumatatu asubuhi karatasi za matokeo zikabandikwa. Mimi huzisoma kwa udaku tu, kama mtu anavyochungulia harusi ya jirani. Namba kumi na mbili, mraba mwekundu uliochorwa juu ya mraba mwingine mwekundu, umeuzwa kwa bei ya nyumba yenye ghorofa. Namba ishirini, taa ya mezani iliyopinda kama mtu aliyetoka kilabuni, haikupata mnunuzi.

Namba thelathini na moja. "Viti saba vya mti na kamba. Seremala na mkewe." Chini yake majina mawili, la mume wangu na la kwangu, kamili, hata herufi moja haikukosewa.

Mwanzoni sikuiona bei. Niliiona picha.

Msomaji, mama humtambua mwanawe hata akimwona kwa kisogo. Mimi viti vyangu ninavijua hivyo hivyo. Mafundi wengine huanzia kamba katikati. Mimi nilikuwa naanzia pembeni, na kwa hiyo katikati ya kiti panatokea kitu kama jicho. Kwenye ubao kulikuwa na macho saba yananitazama.

Viti vilivyoungua miaka minne iliyopita.

"Mama Sindano, sogea basi, na wengine tuone," mpakizi mmoja akanisukuma kwa bega.

Ndipo nikaitazama bei. Nikahesabu sifuri kwa kidole, nikarudia kuanzia mwisho. Milioni tisini.

Nikapanda ngazi mpaka kwa karani wa matokeo, mtu wa makamo mwenye tai fupi na subira fupi zaidi.

"Karani, viti vya namba thelathini na moja nimevitengeneza mimi."

Hakuinua hata kichwa. "Na ile taa iliyopinda, umeipinda wewe?"

"Sikutanii."

"Mama Sindano, aliyetengeneza viti hivyo amekufa. Yeye na mumewe. Kwani unafikiri bei imepaa kwa nini? Kiti chao kimoja kiko kwenye jumba la sanaa, watu wanatafuta vingine kwa tochi. Soma mwenyewe."

Akanisukumia kitabu cha mnada, kile chenye karatasi za kung'aa wanachopewa wanunuzi. Nikasoma nimesimama.

"Mume alifariki kwa maradhi. Mke aliteketea miezi minne baadaye ndani ya karakana yao. Viti hivi saba, vilivyohifadhiwa na familia, ndivyo vya mwisho. Vingine havitatengenezwa tena."

Aliteketea.

Nililisoma neno hilo mara tatu. Nikajikuta nimeshika shingo yangu natafuta mapigo. Yalikuwepo, tena yanakwenda mbio.

Pembeni ya maandishi kulikuwa na picha ya mwanamke ameinama, kamba mkononi, uso hauonekani. Nilijijua kwa mabega.

Nikatoa kitambulisho kwenye mkoba nikakiweka juu ya meza. Karani akakitazama kwa uvivu. Kisha akakiinua. Kisha akachukua kitabu, akaweka kidole kwenye jina, akarudi kwenye kitambulisho.

Akasimama, akafunga mlango.

"Umemwonyesha nani mwingine hiki?"

"Wewe tu."

"Basi sikiliza vizuri." Sasa alikuwa ananong'ona. "Mnunuzi anakuja kuvichukua Ijumaa. Ukijitokeza kabla ya hapo, ukaja na mtu wa ukoo wako athibitishe kuwa ni wewe, mauzo yanafutwa. Aliyevileta ataenda kujieleza polisi, maana bei ile imepandishwa na uongo. Lakini vikishatoka kwenye mlango huu, mama yangu, utahangaika na wanasheria mpaka ufe kweli."

"Aliyevileta ni nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Karani, maiti ni mimi. Hata kujua nani kanizika siruhusiwi?"

Akajikuna shingo, akatazama mlango.

"Ni mtu wa familia. Mwanamke. Usiniongezee, nina watoto wanasoma."

Mwanamke wa familia. Mimi nilikuwa na wanawake wawili tu duniani. Mmoja ni mwanangu, damu yangu, yuko mbali. Mwingine ni wifi.

Na wifi ni wifi. Miaka minne watu walikuwa wananiambia, wewe, huyo dada wa mume mbona anakupenda kupita kiasi, angalia usije ukaliwa. Nilikuwa nawacheka. Siku ile, nikiwa njiani kurudi, sikuona cha kuchekesha.

Nilipoingia saluni, wateja wawili walikuwa chini ya makofia ya kukaushia nywele na wa tatu amekaa anaoshwa, kichwa kimejaa povu. Nikarusha kitabu juu ya kaunta, chupa za mafuta zikaanguka.

"Umeniuza bei gani, wifi?"

"Nini?"

"Nakuuliza umeniuza bei gani! Miaka minne unanipakulia chakula, unanitandikia kitanda, kumbe unafuga maiti yako usubiri bei ipande!"

Wateja waliokuwa chini ya makofia wakayainua kidogo wasipitwe na neno.

Wifi yangu ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya mji, lakini alinijibu taratibu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mkono huo nimeuosha mimi, unanuka usaha. Nywele zako nimezichana mimi ulipokuwa huwezi kushika kitana. Nimegombana na mume wangu mpaka akahamishia mto wake sebuleni, kwa ajili yako wewe. Leo unakuja kunitukana mbele ya wateja wangu?" Akapangusa mikono kwa taulo. "Lete hiyo takataka niisome."

Akasoma huku midomo inacheza. Alipofika kwenye "aliteketea" akasonya. Akageuza macho kwenye picha. Akakisogeza kitabu karibu na taa ya kioo.

"Wifi, hii ni stuli yangu."

"Stuli gani?"

"Hii uliyoinamia kwenye picha. Si kiti cha kaka yangu, ni stuli yangu." Akamgeukia yule mwenye povu. "Mama, samahani, hebu inuka kidogo."

Yule mama akainuka, povu linamtiririka kwenye sikio. Stuli ikabaki wazi. Niliiwamba mwenyewe, na kamba iliponiishia nilimalizia kwa uzi wa plastiki wa bluu. Ule uzi wa bluu ulionekana kwenye picha, mstari mmoja, ukipita katikati. Nilikuwa nimejitazama mimi tu, sikuwa nimeuona.

"Stuli hii niliinunua mwaka mmoja baada ya moto," wifi akasema. "Wewe umekufa lini?"

"Siku ya moto."

"Basi stuli yangu iliwambwa na mzimu. Na mzimu ukapigwa picha." Akanitazama. "Siku ile unaiwamba, nani alikuwa hapa na simu?"

Mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinaunguruma.

Binti yangu alikuja kunitazama mara moja tu tangu nilipotoka hospitali. Alikaa siku mbili. Alinikuta nimeinama juu ya stuli ile, nikataka kuinuka nimkumbatie, akasema, "Mama, usiinue uso. Endelea tu na kazi, inapendeza hivyo." Nilifurahi, msomaji. Nilidhani anataka kumbukumbu ya mama yake.

"Wifi, nimekukosea," nikasema.

"Utaniomba radhi baadaye, mbele ya wateja hawa hawa. Vaa viatu vizuri."

Nyumbani kwa binti yangu nilikuwa sijawahi kufika. Aliniambia wao walikwenda kuandikisha ndoa ofisini na mashahidi wawili, wakatoka wakarudi kazini. Sherehe ingefuata baadaye, mambo yakikaa sawa. Lakini aliwahi kunitumia birika la umeme, na wifi, ambaye hatupi boksi, alikuwa amelihifadhi juu ya kabati. Anwani ya aliyetuma ilikuwa ubavuni, hata ghorofa imeandikwa, ya sita.

Tulichukua teksi. Lilikuwa jengo la ghorofa nane, lenye lifti, geti na mlinzi.

"Mimi nakaa hapa chini," wifi akasema. "Nikipanda nitampiga, na nikishampiga hatutamsikiliza tena."

Mlinzi akanitazama kuanzia viatu mpaka mkoba wangu wa kazi, futi kamba ikichungulia nje.

"Wewe ndiye fundi wa makochi? Unasubiriwa ghorofa ya sita tangu saa tatu."

Nilitaka kusema hapana. Ulimi ukasema, "Ndiyo."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa rika langu, mnene, mchangamfu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Fundi! Umechelewa, lakini karibu. Mito ya makochi yangu imelala kama imelazwa hospitali." Akageuka akaita ndani. "Mkwe wangu! Ndiye huyu fundi uliyemwita?"

Binti yangu akatokea ukumbini na kikombe mkononi.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amependeza. Nilikuwa nimepanga maneno yote tangu kwenye teksi, na nilipomwona yote yakanitoka, nikataka tu kumuuliza kama anakula vizuri.

Aliniona. Kikombe hakikumwanguka. Alinitazama machoni muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akamjibu mama mkwe wake.

"Ndiye."

Basi nikaingia sebuleni kwa mwanangu kama fundi wa makochi. Nikapiga magoti mbele ya kochi, nikatoa futi kamba, nikaanza kupima. Sijui kwa nini.

"Mkono huo ulipatwa na nini, fundi?" yule mama akauliza kwa upole.

"Moto."

"Pole sana, jamani." Akaketi, akavua miwani. "Moto si mchezo. Mama mzazi wa huyu mkwe wangu, moto ndio uliomchukua. Masikini, sikuwahi kumwona. Alikuwa mtu wa kazi za mikono kama wewe. Viti vyake juzi vimeuzwa kule mnadani, unaweza kuamini? Mtoto kamuenzi mama yake mpaka mwisho. Wengine wakizika wanasahau."

"Ni kweli," nikasema. "Wengine wanasahau."

Simu ikalia huko ndani. Yule mama akanyanyuka, akaenda kuipokea. Tukabaki wawili.

"Mama, shusha sauti," binti yangu akanong'ona kabla sijasema neno.

"Sijasema kitu."

"Nakuomba uondoke. Nitakuja kwako kesho, nakuapia. Nitakueleza yote."

"Nieleze sasa hivi." Nikasema kwa sauti, ili isikike ndani, "Sitini kwa sitini!" Kisha chini chini, "Nimekufa tangu lini?"

Akaketi ukingoni mwa kochi.

"Tangu nilipotambulishwa hapa. Waliniuliza, mama yako yuko wapi, anafanya nini. Nikakiona kichwani kile chumba nyuma ya saluni. Nikaona ndoo yako ya kuogea, nikaona mkono wako. Likanitoka tu, Mama. Nikasema amefariki. Nilidhani nitalirekebisha baadaye. Lakini walilia! Huyu mama alinikumbatia akalia kama amefiwa yeye. Siku ya harusi walizima muziki dakika nzima kwa ajili yako. Ningewaambia nini baada ya hapo?"

"Harusi?"

Akafumba macho.

"Kulikuwa na harusi?" nikarudia.

"Ndogo."

"Watu wangapi?"

"Mama..."

"Watu wangapi?"

"Mia mbili."

Nikapima mto mwingine. Nikasahau namba, nikapima tena. Watu mia mbili walisimama kimya kunikumbuka, na siku hiyo hiyo, kwa hesabu yangu, mimi nilikuwa nashona kiraka kwenye kiti cha mtu nikimwombea mwanangu heri na ndoa yake ya ofisini.

"Ishirini urefu wa kona!" nikasema kwa sauti. Kisha, "Na viti? Viti vilitoka wapi, kama viliungua?"

"Baba alinipa mimi kabla hajafa. Aliniambia hivi vitakusaidia. Nilivichukua nikaviweka stoo ya rafiki yangu. Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Siku yoyote."

"Viliondoka lini karakanani?"

Akatazama mlango. "Siku moja kabla ya moto."

Msomaji, nilikaa chini kwenye zulia. Niliingia kwenye moto ule nikiviita viti kama mtu anayeita watoto. Nilipapasa gizani, moshi umenijaa kifuani, nikashika bati lililoiva nikidhani ni mgongo wa kiti. Nikarudi mara ya pili. Majirani walinivuta kwa miguu. Kumbe humo ndani hapakuwa na kitu.

"Ulikaa na mimi hospitali siku tano," nikamwambia. "Ulikaa pembeni ya kitanda ukinisikia nalia, viti vyetu, viti vyetu. Siku tano hukuwa na neno hata moja?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ningekupiga kwa sababu ya viti?"

Machozi yakaanza kumtoka, yale ya utotoni, yanayoanzia jicho moja.

"Mama, nakuapia kwa kaburi la baba. Mimi sikujua kwamba ungeingia ndani."

Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kumfuta. Ukasimama hewani.

"Sema tena."

"Nimesema sikujua..."

"Hukujua kwamba mimi nitaingia," nikasema polepole, nikiyapanga maneno yake moja moja. "Kwa hiyo kuungua kwenyewe ulikujua?"

Rangi ilimwisha usoni, akawa kama mtu aliyeona gari linakuja na amekwama barabarani.

"Sikusema hivyo."

"Nani alichoma karakana ya baba yako?"

"Mama, tafadhali..."

"Ni wewe?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Basi ni nani unayemjua?"

Nyayo za yule mama zikasikika zinarudi. Binti yangu akajifuta uso kwa viganja viwili, akanishika mkono wangu mbovu, akaukaza.

"Ukinitaja, naachika," alinong'ona haraka. "Naachika na nafungwa. Nina ujauzito, Mama. Miezi mitatu. Hata mume wangu bado sijamwambia."

Akaniachia. Mama mkwe akaingia na karatasi na kalamu, anatabasamu.

"Umemaliza kupima, fundi? Vizuri. Sasa mlinzi wa chini ana kiburi, haruhusu mtu atoke na mito bila karatasi yenye jina lake. Mimi nitaweka sahihi yangu, wewe andika jina hapa. Lote, maana anadai lile la kwenye kitambulisho."

Akaniwekea karatasi juu ya meza ndogo ya kioo. Nyuma yake binti yangu alikuwa amesimama, mikono ameikutanisha kifuani, anatikisa kichwa taratibu. Hapana, Mama. Hapana.

Niwaambie ukweli, nilifikiria kuandika jina la uongo. Nililiwaza kabisa, hata nikalichagua. Ningetoka na mito sita ya kochi, ningeishona, ningeirudisha, na mara moja moja ningemwona mwanangu akipita ukumbini na tumbo lake linakua. Ijumaa ingefika, viti vingeondoka, nami ningebaki nimekufa kwa amani. Mama wangapi wamefanya makubwa kuliko hayo?

Kisha nikakumbuka siku tano za hospitali.

Nikashika kalamu nikaandika. Majina yangu yote matatu, herufi kubwa, bila haraka.

Yule mama akavaa miwani, akaichukua karatasi ili aweke sahihi. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kama wafanyavyo watu wazima. Jina la kwanza akalisoma vizuri. La pili akalisoma polepole. La tatu halikumtoka mdomoni.

Akaisoma tena karatasi kimya. Akautazama mkono wangu. Akaja usoni kwangu, akakaa hapo muda mrefu, akitafuta kitu kwenye pua yangu na paji langu. Kisha akageuka taratibu kumtazama mkwe wake, akitafuta kitu kile kile. Nadhani alikipata.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mkwe wangu," akasema, "njoo usimame hapa."

Binti yangu akaja. Alifika katikati ya zulia, kati yangu mimi niliyekaa chini na yule mama aliyesimama na karatasi. Akapiga magoti, kichwa ameinamisha, hamtazami yeyote.

"Mama," akasema. "Nisamehe, Mama."

Na sisi wawili, ambao wote anatuita hivyo, tukatazamana juu ya kichwa chake. Kila mmoja akamsubiri mwenzake aitike.